Kijifedha cha Mto Pinto

Katika karne ya 18 jimbo la Chocó, ambalo sasa ni sehemu ya Kolombia, lilikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Huko watumwa waliotolewa Afrika walishinda mitoni wakiosha mchanga wa dhahabu. Mara nyingi dhahabu ilifuatana na chembe nyeupe, nzito, zisizotakiwa na mtu, na kuzitenga ilikuwa kazi ya kuudhi.

Fedha kwa Kihispania huitwa “plata”. Wenye machimbo waliziita chembe zile “platina ya Pinto”, kwa jina la mto mmoja wa huko. Maana yake ni kijifedha, na neno hilo lilikuwa la dharau, kama Mswahili asemapo kijitu.

Dharau hiyo ilikuwa na sababu. Moto wa mhunzi haukuyaweza madini haya: chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Sentigredi, lakini platini hungoja hata zitimie 1,768. Haishiki kutu. Tena ni nzito kupita dhahabu. Debe la maji lina uzito wa ratili 40 hivi. Likijazwa platini tupu lingepita ratili 850. Mpagazi gani angethubutu kujitwika?

Uzito huo uliwafaa wadanganyifu. Atiaye shaba katika dhahabu hufichuliwa na mizani, maana shaba ni nyepesi. Bali aliyetia platini, mizani haikumshitaki. Basi maofisa wa mfalme wakaamuru itupwe mtoni. Mali iliyoje ilizama huko!

Walakini wenyeji wa pwani ya Kolombia na Ekwado walikwisha kuitumia karne nyingi kabla ya Wahispania kufika. Waliichanganya na vumbi la dhahabu, wakaitia motoni. Dhahabu ikayeyuka na kuzishika chembe, wakafua, wakachoma tena, hata wakapata mapambo.

Ulaya ilisoma habari zake katika kitabu cha Antonio de Ulloa cha mwaka 1748, na wataalamu wakahangaika miaka mingi kabla ya kuweza kuifua vema. Mwaka 1889 ilipotakiwa kilo moja ya kupimia kilo zote za dunia, platini ndiyo iliyochaguliwa, sehemu 9 katika 10, na iridi sehemu 1. Kipande hicho, ambacho kimo chake hakifiki inchi 2, kiliwekwa karibu na Paris chini ya kufuli, nacho kilikuwa kilo halisi hata mwaka 2019.