Kazi ya Mikono na Vitu Vilivyo Nyumbani

Mji wa Webuye, ambao zamani uliitwa Broderick Falls, ulikua kwa sababu ya karatasi. Kiwanda chake kikubwa kilianza kazi mwaka 1974, kikasimama mwaka 2009. Ajabu ni kwamba tangu mtaala mpya wa Kenya uenee shuleni mwaka 2019, wazazi wengi wamenung'unika kuwa watoto wao hutumwa madukani kununua karatasi na gundi kwa somo la sanaa.

Gharama hiyo si ya lazima. Magazeti ya zamani yakilowekwa, yakapondwa na kuchanganywa na uji mzito wa unga, hufinyangwa kuwa bakuli au sura ya mnyama. Maganda makavu ya mgomba husokotwa kuwa kamba na wanasesere. Udongo wa mfinyanzi una masharti zaidi. Vigae vya chungu kilichovunjika husagwa na kutiwa ndani yake. Chombo hukaushwa kivulini siku nyingi kabla ya kuchomwa, la sivyo hupasuka. Akina mama wazee wafinyanzi huyajua hayo kuliko walimu wengi, na si aibu kuwaalika darasani.

Wako wanaodhani huu ni mchezo tu. Gregory Maloba alizaliwa Mumias, si mbali na Webuye. Huko Makerere alifundishwa na Bibi Margaret Trowell, aliyewahimiza wanafunzi wake watazame mambo ya nchi yao. Sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962, mama aliyemwinua mtoto juu, ni kazi ya Maloba.