Nani Anamfuatilia Mwenye Simu?

Abiria anayesubiri basi Mkiwa, pale barabara ya Itigi inapochepuka kutoka ile ya Manyoni–Singida, akifungua tovuti ya habari kwenye simu, kampuni za matangazo asizozijua zinaweza kunasa aina ya simu yake na kurasa anazopitia. Hutumia vidakuzi, vijifaili vinavyobaki kwenye kivinjari, na, ndani ya programu za simu, kitambulisho cha matangazo kilichomo kwenye simu.

Kinachoumiza zaidi ni baadhi ya programu za mikopo. Zikishapewa ruhusa ya kusoma namba zote zilizohifadhiwa kwenye simu, mkopaji akichelewa kulipa, ndugu, jirani na hata bosi wake hutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Ni ukatili. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku majukwaa na programu 69 zilizokopesha bila leseni.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na aliyeonewa anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mwenye Android aingie kwenye mipangilio, atafute sehemu ya matangazo, afute kitambulisho cha matangazo. Kisha akague ruhusa: programu ya tochi haihitaji namba ya shangazi.