Maiti Anayedai Haki Yake

Mtu akikuambia kwamba wako watu wanaotoa fedha zao ili watishwe, huenda ukamdhania hana akili timamu. Lakini ndivyo ilivyo, wala si jambo geni. Hadithi ya kutisha ni kama pilipili: inaunguza ulimi, machozi yanatoka, na mkono unarudi sahanini.

Vitabu vya picha ninavyovizungumzia leo vilitolewa Marekani na William Gaines kuanzia mwaka 1950. Vilikuwa vitatu: Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear. Kila kimoja kiliuzwa senti 10, na ndani yake mlikuwa na hadithi fupi fupi zisizohusiana. Kilichoziunganisha ni msimulizi, kizee wa kuogofya lakini mwenye mizaha, aliyempokea msomaji mlangoni na kumuaga kwa kicheko.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa mtindo huo. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela ndiye mama wa wasimulizi wa namna hiyo, na hadithi zake zimejaa majini na mazimwi. Hata neno ghoul, ambalo Waingereza humwita zimwi mla maiti, wamelitoa katika Kiarabu.

Mimi nilivisoma Zombe, mashariki ya mji wa Kitui. Zilikuwa nakala za chapa ya baadaye, kuukuu, zimelala juu ya meza ya muuza vitabu siku ya soko. Vijana walikuwa wakitaniana kwamba zombi wote duniani asili yao ni Zombe. Mzee mmoja aliyeketi karibu aliomba naye atazame. Alipomwona maiti anatoka kaburini alicheka, akasema huyo anamjua tangu utotoni: ni eimu, zimwi la ngano za Kikamba, ila leo amechorwa na Wazungu. Mzee alisema kweli. Ngano za Wakamba hazina upungufu wa vitisho, na Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko huko Kitui, alichapisha mkusanyo wake mwaka 1966, Akamba Stories.

Basi utamu wa vitabu hivi uko wapi? Kwa maoni yangu hauko katika damu. Uko katika hesabu. Mtu anadhulumu akiamini hapana amwonaye. Ukurasa wa mwisho deni linalipwa lote, na riba juu yake. Mwaka 1952 The Haunt of Fear ilitoa hadithi ya mzee maskini, mpole, ambaye majirani zake wenye mali hawakumtaka mtaani. Wakamwandama kwa hila na dhihaka mpaka akafa. Baada ya mwaka mmoja alifufuka, akaja kudai chake. Hadithi hiyo iliingizwa katika filamu ya mwaka 1972, na mzee huyo akaigizwa na Peter Cushing.

Wakubwa wa Marekani hawakuona hesabu, waliona damu tu. Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham alitoa kitabu akidai kwamba vitabu vya picha vinawapotosha vijana. Mwezi wa Aprili Gaines alihojiwa mbele ya kamati ya Seneti. Kabla ya mwaka kwisha, wachapishaji walijiwekea kanuni kali, na maneno ya hofu na kitisho yakapigwa marufuku katika majina ya vitabu. Biashara ya Gaines ya hadithi hizo ikafa. Uingereza nayo ilitunga sheria yake mwaka 1955.

Sisemi kwamba mtoto mdogo apewe maiti alale nao. Mzazi ana haki ya kuchagua. Lakini tupime ni hofu ipi inayodhuru. Hofu ya kitabu huisha kitabu kikifungwa. Iko hofu nyingine, isiyochorwa na mtu, ambayo hapa kwetu imemwaga damu ya kweli. Katika Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo imekuwapo tamaa ya shamba. Wengine walikimbilia Kaya Godoma, Ganze, kuokoa roho zao. Mvi zao ndizo zilizofanywa ushahidi. Dini yetu inatukataza kudhaniana vibaya. Sembuse kuua kwa dhana.

Sasa mrudie yule mzee wa mwaka 1952. Naye alikuwa na mvi, naye alichukiwa kwa ajili ya mahali alipoishi. Mchoraji angeweza kumfanya yeye kuwa zimwi tangu ukurasa wa kwanza, na wasomaji wangekubali. Hakufanya hivyo. Alituonyesha kwanza majirani, nguo zao safi na maneno yao matamu, ili tujue zimwi ni nani. Kijana aliyeisoma hadithi hiyo vizuri, siku atakaposikia watu wakinong'ona kwamba bibi fulani ni mchawi, huenda akauliza kwanza: shamba lake analitaka nani?