Maneno ya vita yaliyofungiwa majaladani

Aprili 1954 askari na polisi wapatao 25,000 waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, kuwasaka wafuasi wa Mau Mau. Watu walipangwa mstari, wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa, aliyesimama mbele yake alipelekwa kizuizini. Wakikuyu walimwita gakunia, yaani kigunia. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo.

Kila upande ulikuwa na msamiati wake. Askari wa Uingereza waliitwa Majoni. Walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali waliitwa ngati, neno la Kiingereza la mlinzi lililotamkwa Kikikuyu. Wakubwa wa serikali nao walikuwa na "bomba", yaani mfululizo wa kambi ambamo mahabusu alisogezwa mbele au kurudishwa nyuma kwa kadiri alivyokiri kiapo. Mahabusu waligawanywa kuwa weupe, wa kijivu na weusi, na hapo rangi ya ngozi haikuhusika. Kulikuwapo pia "kuzimua", kama mtu anavyozimua kileo kwa maji: wakaidi walitengwa vikundi vidogo vidogo, wakalazimishwa kutii, mara nyingi kwa kipigo.

Lugha hiyo laini ndiyo iliyotumika katika nyaraka. Anayetafuta humo neno "mateso" peke yake huenda akaambulia kidogo.

Kabla ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, nyaraka zilichambuliwa. Zile za fungu la "Urithi" ziliweza kuachiwa serikali mpya. Zilizopigwa muhuri wa herufi W hazikuruhusiwa kuguswa na afisa wa Kiafrika. Nyingi zilichomwa moto, nyingine zikasafirishwa Uingereza kimyakimya.

Wazee wa Kenya walifungua kesi London mwaka 2009. Mapema mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba majalada yapatayo 1,500 ya Kenya yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park. Wanahistoria, akiwamo David Anderson, waliyasoma wakiwa tayari wanajua maana ya "kuzimua", na ushahidi wa wazee ukapata nguvu mahakamani.

Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228, lakini ikakataa kubeba dhamana ya kisheria.