Chumba cha mgonjwa mjini: Usitazame bei peke yake

Simu huja jioni. Jamaa yako wa Kikoneni ameandikiwa barua na daktari wa Msambweni aende Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo watu wengi wa Mombasa bado huiita Makadara. Kliniki ni keshokutwa saa moja asubuhi. Ana swali moja tu: atalala wapi?

Wewe uliyezoea mji, msomaji, yamkini utamjibu kwa wepesi kwamba lojing'i zimejaa tele. Ni kweli zimejaa. Lakini mgonjwa wa sukari au mama aliyetoka kupasuliwa si sawa na mchuuzi anayetafuta mahali pa kuegesha ubavu hadi alfajiri. Kwake yeye chumba ni sehemu ya matibabu. Akilala vibaya, akaumwa na mbu au akanywa maji machafu, huenda akarudi Kikoneni na ugonjwa ambao hakuja nao.

Tuanze na safari yenyewe, kwani ndiyo inayoamua mahali pa kulala. Kutoka Kikoneni sharti mtu ateremke hadi barabara kuu ya Lunga Lunga, kwa matatu au kwa bodaboda, kisha apite Msambweni na Ukunda hadi Likoni. Hapo pana kivuko. Waendao kwa miguu hawalipi, na feri huvuka mchana na usiku, ila asubuhi watu wanapokwenda kazini msongamano huwa mkubwa mno. Mgonjwa husimama juani, husukumwa, na aghalabu wachopozi hawakosi. Kwa hivyo, ingawa vyumba vya upande wa Likoni huwa nafuu, mwenye kliniki ya saa moja asubuhi asilale huko. Avuke jioni ya kuamkia siku hiyo, alale kisiwani.

Wapo wanaopitia barabara mpya ya Dongo Kundu ili waepuke feri. Ni njia nzuri kwa mwenye gari. Kwa msafiri wa matatu, kumbuka kwamba barabara hiyo humtoa upande wa bara, karibu na Miritini, na bado atalazimika kupanda gari jingine kupitia Changamwe na Makupa kabla ya kufika kisiwani.

Sasa chumba. Kwanza mtahadharishe mgeni wako kuhusu neno lenyewe. Kibao kilichoandikwa "hoteli" mara nyingi ni cha mahali pa kula mahamri na mbaazi, hapana hata kitanda kimoja. Aulize lojing'i au gesti.

Wengi hukimbilia Mwembe Tayari kwa kuwa mabasi ya safari ndefu yako hapo na vyumba ni vya bei ya chini. Mimi simlaumu mtu, lakini kwa mgonjwa naona chumba kilicho juu ya stendi hakifai: honi na makelele ya mautingo havina saa, na moshi wa magari huingia dirishani. Kinachofaa ni chumba kilicho hatua chache kutoka kituo cha matatu, pengine barabara moja nyuma yake, katika njia yenye taa na maduka yanayofungwa usiku. Mgonjwa asilazimike kupita kichochoro chenye giza akiwa na bahasha ya eksirei mkononi.

Bei nayo ipigiwe hesabu yote. Tuseme chumba cha mbali ni shilingi 600 na cha karibu na hospitali ni shilingi 900. Utadhani umeokoa 300. Lakini mgonjwa na mwuguzi wake wakipanda tuktuk kwa shilingi 200 kwenda na 200 kurudi, wametumia 400 kwa siku moja. Chumba cha bei rahisi kimekuwa ghali, na mgonjwa amerushwarushwa barabarani bure.

Usilipe kabla ya kuona chumba. Panda ngazi mwenyewe. Fungua dirisha: je, linafunguka? Chumba kisichopitisha hewa ni hatari, maana viini vya kifua kikuu husafiri hewani na hukaa muda mrefu mahali palipozibwa. Hatari huzidi kwa mtu ambaye mwili wake umedhoofishwa na ugonjwa au dawa kali. Chumba kilicho chini ya mabati, bila feni, humchosha mgonjwa kwa joto hata kabla hajaonana na daktari. Halafu tazama nondo za dirisha na idadi ya ngazi. Ikiwa ngazi ni moja tu na lango hufungwa kwa kufuli usiku, uliza ufunguo hukaa na nani. Moto ukizuka, swali hilo litakuwa limechelewa.

Inua godoro. Tazama kwenye mishono na pembe za kitanda, hasa madoa madogo meusi. Kunguni hajulikani kueneza maradhi, lakini humnyima mtu usingizi, na mikwaruzo ya kujikuna huweza kuwa vidonda, jambo baya kwa mwenye sukari.

Kuhusu mbu, wengi wanajua nusu ya habari. Mbu wa malaria huuma usiku, na dawa yake ni chandarua. Basi chumba kiwe na msumari au kamba ya kukitundikia. Yuko mbu mwingine, mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana, na huyu ndiye mbu wa mjini hasa. Huzaa katika maji safi yaliyotuama: mapipa, ndoo, makopo. Ndiye huleta homa ya denge na chikungunya. Jina hilo la pili ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja kwa maumivu, na ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanzania mwaka 1952. Mombasa iliupata kwa wingi mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Denge ilikuwa imetangulia mwaka 2013.

Kwa nini mjini kuna mapipa mengi? Kwa sababu maji ya mfereji hayatoki kila siku. Ni ajabu kidogo kwamba sehemu ya maji ya Mombasa hutoka Kwale kwenyewe, katika chemchemi za Marere huko Shimba Hills na visima vya Tiwi, nawe mgeni wa Kwale ukifika mjini unauziwa kwa mtungi kutoka mkokotenini. Basi ukiwa kwenye ujia wa lojing'i, inua kifuniko cha pipa. Ukiona viluwiluwi vinachezacheza, au pipa halina kifuniko kabisa, aga kwa heshima utafute kwingine.

Mgeni akishikwa na homa akiwa mjini au siku chache baada ya kurudi, asijinunulie dawa ya malaria kwa kukisia. Apimwe, na amwambie daktari kwamba alilala Mombasa. Kabla ya kujulikana ni homa gani, asimeze aspirini wala ibuprofeni, kwani kama ni denge, dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama mwenye nyumba anaapa kwamba ni ya mfereji. Maji ya visima vya kisiwani yafaa kuogea na kufulia tu, kwa kuwa vyoo viko karibu mno.

Jambo moja naomba lisipuuzwe. Wasafiri wengine huja na jiko la makaa ili wampikie mgonjwa uji chumbani waokoe pesa. Jiko likiwaka au hata likibaki na makaa mekundu ndani ya chumba kilichofungwa, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Mtu husinzia asiamke tena. Uji upikwe uani, au ununuliwe.

Mwenye kutumia insulini aulize kama lojing'i ina friji ya kuaminika. Kama haina, chupa itiwe ndani ya kikopo chenye kifuniko, nacho kikopo kiwekwe katika chungu cha udongo chenye maji kidogo, kivulini. Isigande kwa barafu, wala isiachwe dirishani.

Kuna wagonjwa wasiokaa usiku mmoja. Tiba ya saratani kwa miale hutolewa kwa kawaida siku 5 kwa wiki, na huweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hulipa hospitali. Haimlipii mjomba wako kitanda cha lojing'i, na kwa Mdigo mjomba si mtu wa kuachwa nje. Kwa muda kama huo ni afadhali kutafuta chumba cha kupanga kwa mwezi katika nyumba za Kiswahili za Majengo au Tononoka, zisizo mbali na hospitali. Kabla ya hapo, aulize hospitalini ofisi ya ustawi wa jamii, kwa kuwa maafisa wake ndio wajuao misaada iliyopo na nyumba zinazopokea wagonjwa.

Usalama wa mali pia utazamwe. Lojing'i inayoandika jina na namba ya kitambulisho, ikatoa risiti na ufunguo, ni bora kuliko ile inayopokea pesa dirishani bila hata kuuliza jina. Ile ya mwisho mara nyingi hukodisha vyumba kwa saa, na mama aliye peke yake na mtoto mgonjwa hatapata amani humo. Kitambulisho chake asikiache mapokezi usiku kucha. Kadi ya kliniki, barua ya rufaa na dawa za siku 3 vikae kwenye mkoba mmoja, chini ya mto.

Mpigie mwenye gesti mapema, umwambie unamleta mgonjwa na unataka chumba cha chini, karibu na choo. Kisha mpigie jamaa yako wa Kikoneni, umwambie ashike matatu ya saa nne asubuhi, si ya jioni, na aje na chandarua chake.