Kutoka Ekerenyo hadi Kit Mikayi

Marafiki wa Ekerenyo, katika Kaunti ya Nyamira, wanapochanga nauli na kukodi matatu kwenda kuliona jiwe la Kit Mikayi, huanzia baridi ya mashamba ya chai na ndizi, wakateremka hadi joto la Kisumu, kisha wakashika barabara ya Bondo kwa kilomita 30 hivi, mpaka Seme. Hapo husimama rundo la mawe makubwa ya itale, yaani mwamba mgumu uliotokana na uji wa moto ulioganda chini ya ardhi, ambao nyufa zake zimepanuliwa na mvua na jua kwa muda mrefu mno, hata ukaonekana kama mawe yaliyopangwa kwa mkono, yapatayo mita 40 kwenda juu.

Kwa Kijaluo, jina hilo ni "jiwe la mke mkubwa", kwani mikayi ni mke wa kwanza katika boma la mitala. Masimulizi husema kwamba mzee Ngeso alilipenda pango la jiwe hilo mno, akashinda humo kila siku, hata mkewe akawa anamletea chakula huko.

Ndani, mgeni hupenya kiubavu kati ya kuta baridi, na huenda akawakuta waumini wa Legio Maria, dhehebu lililojitenga na Kanisa Katoliki katika miaka ya 1960, wakisali. Hivyo inafaa, kabla ya kupiga picha, kunyamaza kwanza.