Acheni Kutafuta Rekodi Kwenye Dawa ya Damu

"Shikamoo dokta. Naomba uniambie ukweli, wenzetu wanatumia nini?"

Swali hili huniandama kila msimu wa mbio unapokaribia. Naulizwa na wakimbiaji, makocha, wazazi, na viongozi wa klabu za jogging wanaotaka watu wao watoke kilomita 10 waingie 42 ndani ya miezi miwili. Mara nyingi hujibu kwa upole. Safari hii upole umeniishia, kwa sababu aliyeuliza alikuwa kijana wa miaka 22, mkimbiaji mzuri wa nusu marathoni, na alikuja kwangu na bahasha ya kaki iliyonitia hofu.

Aliimimina mezani. Chupa mbili za dawa ya maji ya kuongeza damu, moja imebaki robo, shingoni imeganda utando wa kahawia. Vidonge vyekundu, vile wanavyopewa kina mama wajawazito kliniki. Na vichupa vitatu vya chuma cha kuchoma, havina boksi wala karatasi ya maelezo, ambavyo kocha wake alimwambia atachomwa wiki moja kabla ya mbio. Alipofungua mdomo kunieleza, niliona madoa meusi kwenye meno ya mbele. Tumbo lilikuwa likimsokota kwa wiki tatu, choo cheusi kama lami, na mazoezi ya asubuhi alikuwa ameyapunguza kwa sababu ya kichefuchefu. Nikampima. Hemoglobini 15, akiba ya chuma nzuri kabisa. Kijana alikuwa mzima kabla ya dawa. Kilichomuumiza ni hiyo tiba.

Imani hii naijua inakotoka. Damu ndiyo inayobeba oksijeni, hilo kila aliyesoma baiolojia analijua. Watu wanasikia kwamba mwanariadha fulani amefungiwa kwa EPO, na kwamba EPO huongeza damu. Kisha wanaingia duka la dawa, wanakuta chupa imeandikwa kuwa inaongeza damu, na hapo hapo wanajumlisha. Ongeza juisi ya rozela, ongeza bitiruti, ongeza matembele, na mwisho wa yote ongeza sindano. Hesabu hiyo imekosewa tangu mstari wa kwanza.

EPO ni homoni. Figo zikihisi oksijeni imepungua zinaitoa, inakwenda kwenye uboho ndani ya mifupa, na uboho unatengeneza chembe nyekundu zaidi. Ndivyo inavyotokea kwa mtu anayeishi kwenye mwinuko wa mita 2,000 na kuendelea. EPO ya sindano inatoa amri hiyo hiyo kwa nguvu, ndiyo maana imepigwa marufuku, na ndiyo maana inaweza kuua: damu inakuwa nzito, inaganda, inaziba mshipa wa ubongo au wa moyo. Madini ya chuma hayatoi amri yoyote. Ni malighafi tu. Mwenye nyumba akiagiza vyumba vitatu, ukimmwagia malori kumi ya tofali hapati vyumba kumi. Anapata uwanja uliojaa tofali hadi mlangoni.

Na uwanja huo hauna pa kutokea. Mwili hupoteza chuma kidogo sana kwa siku, miligramu moja au mbili, na hauna njia ya kutoa kilichozidi. Ulinzi wake pekee uko getini, kwenye utumbo: kama akiba imejaa, utumbo unakataa. Choo cheusi cha yule kijana kilikuwa ni hela yake ikitoka kama ilivyoingia. Ukichoma sindano umeliruka geti. Chuma kinaingia kwenye damu moja kwa moja, na kinachozidi kinakwenda kulala kwenye ini, kwenye moyo, kwenye kongosho, mwaka hadi mwaka. Bado sijataja mzio mkali unaoweza kushusha presha ya mtu hadi akapoteza fahamu dakika chache baada ya kuchomwa. Dawa hii hutolewa mahali penye vifaa vya kumwokoa mgonjwa, na anayeitoa awe anajua anachokifanya. Chumba cha nyuma cha duka la dawa si mahali pake. Wanaopenda dripu wajue pia kwamba kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli zinakataza dripu inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 bila sababu ya kitabibu inayotambuliwa, hata kama ndani yake hakuna dawa iliyokatazwa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata wahudumu wa afya. Mtu akifanya mazoezi ya kukimbia kwa wiki kadhaa, sehemu ya maji ya damu huongezeka upesi kuliko chembe nyekundu. Damu yote imeongezeka, lakini imezimuliwa, kwa hiyo kipimo cha hemoglobini kinashuka kidogo. Mwanamume aliyekuwa na 15 anakutwa na 13.8, anaambiwa damu yako inapungua, anaandikiwa chuma. Hiyo ni dalili kwamba mazoezi yanaingia! Moyo unasukuma vizuri zaidi damu ya namna hiyo, na jasho linapotoka kuna maji ya akiba. Nimewahi kuona mkimbiaji anasimamishwa mazoezi kwa ajili ya afya yake njema.

Upungufu wa damu wa kweli upo, na kwetu ni mwingi. Wanawake wanaopata hedhi nzito, watu wenye safura, watu waliotoka kuugua malaria, vijana wanaokimbia sana na kula kidogo. Hao wakitibiwa wanarudi kukimbia vizuri, na sababu ni kwamba wametibiwa ugonjwa. Mwenye safura anahitaji dawa ya minyoo kwanza. Ukimpa chuma tupu unawalisha minyoo.

Hata tukiiacha dawa ya duka, wazo lenyewe kwamba rekodi imekaa kwenye damu halisimami. Profesa Andrew Jones wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na wenzake waliwapima wanariadha 16 wa kiwango cha dunia waliokuwa wakifikiriwa kwa mradi wa kukimbia marathoni chini ya saa 2. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia kilikuwa, kwa wastani, mililita 71 kwa kila kilo kwa dakika. Ni kikubwa, lakini wateleza theluji wa Norway wanapita 80 bila shida, na wapo waliofika karibu na 90. Kama oksijeni nyingi kwenye damu ndiyo inayovunja rekodi, rekodi ya marathoni ingekaa Oslo. Na kama mwinuko peke yake ndio unaovunja rekodi, ingekaa La Paz, kwenye mita 3,600.

Kinachowatofautisha wakimbiaji hao, kwanza, ni ulaji wa mafuta. Madereva watanielewa: malori mawili yana tangi sawa, moja linafika Tunduma, jingine linazimika Iringa. Mkimbiaji wa rekodi hutumia oksijeni kidogo kwa kila kilomita. Mashavu ya miguu yake ni membamba, kwa hiyo mguu ni mwepesi kuuzungusha. Mshipa wa nyuma ya kisigino unajikunja na kujikunjua kama springi. Hakuna nguvu inayopotea kwa kurukaruka juu. Pili, anaweza kukimbia karibu na ukomo wake kwa saa mbili bila misuli kulemewa. Tatu, na hili ndilo limezungumzwa sana miaka ya karibuni, sifa hizo mbili hazimporomokei mbio zikiwa ndefu.

Tazama marathoni ya Chicago, Oktoba 8, 2023. Kelvin Kiptum wa Kenya alimaliza kwa saa 2:00:35. Maana yake ni mzunguko wa uwanja wa mita 400 kwa sekunde 68.6, mara 105 na nusu. Nenda uwanja wowote wenye mistari ukaukimbie mzunguko mmoja kwa muda huo, kisha ujiulize wa pili ungekuwaje. Nusu ya kwanza alitumia dakika 60:48, nusu ya pili 59:47. Kutoka kilomita ya 30 hadi ya 40, pale ambapo miguu ya watu wengine inagoma, alitumia dakika 27:52. Wakimbiaji wengi wazuri wa kilomita 10 hawaufikii muda huo wakiwa hawajachoka.

Uimara huo ulitoka barabarani. Kocha wake, Gervais Hakizimana kutoka Rwanda, alieleza kwamba Kiptum alikuwa akikimbia kilomita 250 hadi 280 kwa wiki, na wiki nyingine kupita 300. Wote wawili walifariki kwenye ajali ya gari Februari 11, 2024, na mpaka leo nikiziangalia hesabu zile za Chicago naumia. Mwenzake Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Marathoni yake ya kwanza aliikimbia mwaka 2013. Rekodi ya dunia aliipata Berlin mwaka 2018. Hesabuni wenyewe: miaka 15. Halafu mtu ananiuliza sindano ya wiki moja kabla ya mbio.

Mengine ni ya nje ya mwili, na yana uzito wake. Viatu vya kaboni: utafiti wa mwanzo, uliofanywa na kundi la mtafiti Hoogkamer, Marekani, kwa wakimbiaji 18, ulionyesha kiatu cha aina hiyo kinaokoa nishati kwa asilimia 4 kwa wastani. Mwaka 2020 ikabidi shirikisho la riadha la dunia liweke ukomo wa soli kuwa milimita 40 na bamba moja tu ndani. Tigst Assefa wa Ethiopia alipokimbia saa 2:11:53 Berlin, Septemba 2023, kiatu kimoja alichovaa kilikuwa na gramu 138. Kisha kuna njia tambarare, baridi ya asubuhi, na wawekaji kasi wanaokata upepo. Kipchoge alipokimbia saa 1:59:40 Vienna mwaka 2019 alikuwa na wawekaji kasi 41 waliopokezana, ndiyo maana haikuhesabiwa kuwa rekodi. Alphonce Simbu wa kwetu Tanzania alichukua ubingwa wa dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, na amewahi kukimbia kwa kasi zaidi ya hapo. Tokyo ilikuwa na joto na unyevu, hakuna mwekaji kasi, kila mtu anamvizia mwenzake. Mtu mwenye nguvu zile zile, muda tofauti kabisa.

Mtaniuliza habari za Ruth Chepngetich, aliyekimbia saa 2:09:56 Chicago mwaka 2024. Sampuli yake ya Machi 2025 ilikutwa na hydrochlorothiazide, dawa ya presha inayokojoza na inayoweza kuficha dawa nyingine, akafungiwa miaka mitatu. Rekodi ya Chicago haikufutwa. Wadanganyifu wapo na nawachukia, kwa sababu ndio wanaowafanya vijana wetu waamini kwamba kila aliyeshinda amechomwa. Lakini sindano haijawahi kumkimbilia mtu kilomita 280 kwa wiki.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Pima kabla ya kumeza: picha kamili ya damu na ferritini, na choo kama unaishi kwenye eneo lenye minyoo. Ukiambiwa kweli una upungufu, meza kidonge mbali na chai, kwa sababu chai ya rangi inazuia chuma kuingia; baada ya mlo subiri saa moja ndipo unywe. Ongeza kilomita kidogo kidogo, na nyingi ziwe za mwendo ambao unaweza kuongea. Mbio ndefu moja kwa wiki, usiikose. Wanga: akiba ya mwili inaishia kwenye kilomita ya 30 au zaidi kidogo, kwa hiyo siku ya mbio kunywa gramu 60 hadi 90 kwa saa, mchanganyiko wa glukosi na fruktosi, soda ya nusu lita ina gramu 50 hivi, itoe gesi. Lizoeze tumbo mazoezini, usianze siku ya mbio. Kilomita 5 za kwanza ziende polepole kuliko unavyotamani. Viatu vya kaboni ukiweza kuvinunua vaa, ukishindwa usikope. Kwa mwendo wa polepole faida yake ni ndogo. Lala saa 8. Usikimbie ukiwa na homa.

Yule kijana ameacha kila kitu kilichokuwa kwenye bahasha. Vile vichupa vitatu vya sindano nimebaki navyo mimi, na kocha wake nimempigia simu. Ninyi makocha wengine na viongozi wa klabu sina namba zenu, kwa hiyo nawaomba hapa: mkimbiaji wenu akichoka kuliko kawaida, mleteni apimwe. Msimchome.